Kikombe cha Maji ya Seromu

Ukitaka kujua Uvira ina madaktari wangapi, sema tu kwamba una ugonjwa wa sukari. Mwenye duka atakuambia uloweke bamia jioni, asubuhi unywe ule utelezi. Mama wa kwaya atakuletea majani ya mubirizi, machungu kupita kiasi, na kukuhakikishia kwamba uchungu huua utamu. Jirani ambaye hajawahi kupimwa hata presha atakutazama toka juu hadi chini na kusema: "Weye, acha tu chai ya sukari, itaisha." Nimekunywa bamia. Nimekunywa mubirizi mpaka nikatapika. Chai ya sukari niliiacha siku ileile niliyopimwa, na mpaka leo harufu ya chai ya tangawizi ikivuka ua wa jirani nakereka kama mtu aliyeibiwa. Haikuisha.

Mimi ni fundi wa kushona. Masini yangu, cherehani ya miguu, iko barazani kwetu, Mulongwe, na hapo ndipo nimewashonea wanawake wa mtaa huu vikwembe vyao vya harusi, vya kilio na vya sikukuu tangu nikiwa msichana. Naishi na dada yangu mkubwa. Namwita yaya, kama kila mdogo wa kwetu anavyomwita mkubwa wake. Waume zetu wote wawili walishatangulia. Watoto wangu wako Bujumbura na Kalemie, nao hupiga simu kuniuliza, "Mama, sukari iko ngapi?" kana kwamba naiuza.

Miaka ya mwanzo ugonjwa ulinisumbua kwa kiu na kwa kukimbilia chooni, basi. Nikauzoea. Kisha ukapanda machoni. Nilianza kuona kama kuna moshi barazani, nikamgombeza yaya kwamba anapika na kuni mbichi, kumbe siku hiyo hajawasha moto. Uzi nao ukaanza kunichezea. Naulamba, nausokota, naulenga kwenye tundu la sindano, unapita pembeni. Nikamlaumu muuza sindano, kwamba siku hizi analeta zenye matundu madogo. Yaya, ambaye amenizidi umri na hajui kushona hata kifungo, alikuwa anachukua ile sindano mikononi mwangu, anatunga uzi mara moja, ananirudishia bila kusema neno. Hilo lilinichoma kuliko kama angenicheka.

Halafu ikaja siku ya ndege. Mama mmoja wa mtaani, mteja wangu wa siku zote, aliniletea kikwembe kizuri chenye ndege wakubwa wa buluu nimshonee libaya, blauzi ya juu, na sketi kwa ajili ya ubatizo wa mjukuu wake. Nilikata, nikashona, nikapiga pasi. Alipoivaa na kugeuka, watu waliokuwa barazani wakakonyezana. Mbele ndege wote walikuwa wanapaa. Mgongoni wote walikuwa wameelekeza midomo ardhini. Yule mama alijishika kiuno, akajitazama begani, akasema kwa upole, "Si kitu, fundi, watu wataniangalia mbele." Afadhali angenitukana. Nilifunika masini, nikaingia ndani, nikalia kwa hasira. Kazi ya mikono hii ndiyo kitu pekee ninachojua, na sikuwa tayari kuitwa fundi wa zamani.

Kwenye kituo cha afya muuguzi wetu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa katekisimu, alinimulika machoni akasema ni mtoto wa jicho, kulia na kushoto. Hiyo inafunguliwa, mama, akasema, na unaona tena. Madaktari wa macho hushuka kutoka Bukavu mara mojamoja, barabara ikiruhusu, na walitazamiwa kabla ya mvua kubwa. Nilitaka kumkumbatia. Akainua kidole. "Lakini wanapimaka sukari asubuhi ileile. Ikiwa juu ya mia mbili, hawakugusi, sababu kidonda hakitapona." Yangu siku hiyo ilikuwa mia tatu na zaidi. "Na usicheze, mama. Sukari ikibaki hivi itakula nyuma ya jicho, na kule nyuma hakuna mwenye anaweza kukufungulia."

Basi nikajua ninachogombania. Chini ya mia mbili, au masini iuzwe.

Nilifikiri nitaweza. Mimi ni mtu wa vipimo, nakata kitambaa kwa mita na mkasi, sukari ni nini? Muuguzi akaniambia shida yangu ni ugali. Nikamcheka. Muhogo wetu unalowekwa mpaka unavunda, unaanikwa, unasagwa, una uchachu wake. Hiyo sukari inaingilia wapi? Akanieleza kwamba tumboni ugali unageuka kuwa sukari, hata wali mzuri wa Bwegera unageuka, hata viazi. Nilirudi nyumbani nimenuna. Maisha yangu yote nilijua kitu kitamu ni kile ulimi unachosema ni kitamu, leo naambiwa ulimi ulikuwa unanidanganya.

Nile ugali kiasi cha ngumi moja, alisema. Ngumi ya nani, sikumuuliza, lakini shida yenyewe ilikuwa nyingine. Kwetu mimi na yaya tunakula sahani moja. Tangu tuko wadogo kule uwandani, karibu na Luvungi, tulikuwa tunazunguka kilima kimoja cha ugali na bakuli moja la sombe ya majani ya muhogo, na hakuna anayejua mwenzake amekata matonge mangapi. Ndiyo maana ya kula pamoja. Siku nilipochukua sahani yangu peke yangu, nikaweka ngumi yangu ya ugali, majani ya lengalenga na visamaki vya ndagala pembeni, yaya alisimamisha mkono hewani.

"Kwani minye na weye tumegombana?"

"Hapana, yaya. Ni munganga amesema nipime."

"Apime ugali ya kwake."

Hakula siku ile. Kwetu mtu anayejitenga na sahani ni mtu anayeogopa kulishwa kitu, na mimi nilikuwa nimemwonyesha hivyo dada yangu aliyenibeba mgongoni. Ilibidi nimbembeleze siku nzima. Mwishowe akakubali kwa namna yake: ugali unakaa kwenye sahani moja kama zamani, lakini yeye mwenyewe anachora mstari katikati kwa kijiko, upande wangu mdogo, upande wake mkubwa, na ole wangu nikivuka. Alikuja kuwa mkali kuliko muuguzi.

Nikaambiwa pia nitembee. Hilo nalo ni rahisi kulisema ukiwa umekaa kwenye kiti cha kituo cha afya. Tembea asubuhi Mulongwe bila mzigo, bila jembe, bila kitu mkononi, uone. Kila mlango wanakusalimu na kukuuliza unakwenda wapi, na ukisema natembea tu, wanatazamana. Mara ya tatu nikasikia mtu ananong'ona kwamba yule fundi amechanganyikiwa. Nikachukua bidoni la manjano, tupu, nikawa natembea nalo hadi ziwani na kurudi. Hapo hakuna aliyeuliza tena, kwa sababu robineti zetu hukauka wiki nzima na kila mtu anatafuta maji. Mtu mzima mimi, nazungusha bidoni tupu ufukweni ili watu wasinione mwendawazimu.

Na sukari haikushuka. Nasema haikushuka. Nilikuwa nakula nusu ya nilichozoea, nimeacha ndizi, nimeacha soda hata kwenye harusi ya watu ambao nguo zao nimeshona mimi, nikienda kupimwa: mia tatu na ishirini. Mara nyingine mia tatu na hamsini. Muuguzi akaitazama namba, akanitazama mimi, akapunguza sauti. "Mama, niambie ukweli. Unakulaka nini kwa kuficha?" Damu ilinichemka. Nilimwambia kwamba mimi si mtoto, kwamba nikitaka kula ndizi nitaila barabarani mchana kweupe watu wote wakiniona, na kwamba kifaa chake labda kimeoza. Akanipima kwa kingine. Namba ikawa ileile.

Akaniongezea vidonge vya sukari. Ni vile vikubwa vyeupe, vinavyokwama kooni, na tangu nianze kuvimeza tumbo langu halikuwa langu. Vilipoongezwa, likaharibika kabisa. Na hapa lazima niseme juu ya yaya na maji.

Yaya alizaa mtoto mmoja tu, msichana. Zamani, mto ulipofurika na kuingia nyumbani kwa watu, kolera ikafuata, kama inavyofuata kila maji machafu yanapochanganyika na ya kunywa. Yule mtoto alishikwa asubuhi. Wakati ule wazee wetu waliamini mwenye kuhara hapewi maji, eti yanapita moja kwa moja na kuongeza kuhara. Mtoto aliomba maji. Alikuwa anasema neno moja tu, kiu, mama, kiu. Yaya alimnyima, kwa sababu alimpenda na kwa sababu wakubwa walimwambia amnyime. Jua lilipozama mtoto hakuwa anaomba tena.

Baadaye watu wa afya walipita mtaani na ngoma na kipaza sauti, wakifundisha maji ya seromu: maji yaliyochemshwa, chumvi kidogo, sukari, unakoroga, unamnywesha mgonjwa bila kuchoka. Yaya alisimama mstari wa mbele. Tangu siku hiyo hapajakosekana seromu nyumbani kwetu, vile vipakiti vya unga vikipatikana, na visipopatikana anakoroga mwenyewe. Ameokoa nayo watoto wa majirani, sitanii, wako watu wazima mtaani humu wanaomwita mama kwa sababu ya kikombe chake.

Sasa mwone yaya, na mimi mdogo wake nahara, nimekonda, midomo imekauka, nasema nina kiu. Angefanya nini kingine? Tangu vidonge vya kwanza alikuwa anakuja na kikombe asubuhi, mchana na jioni. Akaongeza sukari kidogo juu ya kipimo, ili ipate nguvu. Nilipokunja uso mara ya kwanza akaniambia, "Kunywa. Hii haiko sukari, ni dawa." Nami nikanywa. Ndiyo, nilisikia utamu, ulimi ninao. Lakini pwani yetu yote hii, toka Uvira hadi huko chini, hakuna mtu anayeihesabu seromu kuwa sukari. Sukari ni ya chai. Seromu ni ya kumrudisha mtu. Kadiri nilivyokunywa ndivyo nilivyozidi kuwa na kiu, na kadiri nilivyosema nina kiu ndivyo yaya alivyokoroga.

Madaktari wa macho wakafika. Habari ilienea haraka, kwamba barabara imewapitisha na kwamba wanafungua macho kwenye hospitali. Jioni ile yaya alinipa vikombe viwili badala ya kimoja, nipate nguvu ya kisu. Asubuhi tulikuwa tumeambiwa twende bila kula, na mimi sikula, sikumeza hata punje. Yaya akanisimamia na kikombe. Dawa haihesabiki kuwa chakula, akasema. Nikakimaliza kizima, nikafunga kitambaa kichwani, tukaenda.

Tulikuwa wengi kwenye mabenchi, wazee wa uwandani, wavuvi, mama mmoja aliyekuja toka milimani akiongozwa na fimbo. Kila mtu alibandikwa kipande cha plasta ya sparadra juu ya nyusi ya jicho litakalofunguliwa. Mimi nilibandikwa kulia. Nilikuwa na furaha ya kijinga, nakumbuka, nikawa nawaza kikwembe cha ndege, kwamba nitakifumua chote na kukishona upya bila malipo. Kisha wakanichoma kidole.

Aliyepima alikiangalia kifaa, akaita mwenzake. Daktari mwenyewe akaja, kijana mwenye adabu, akakaa kwenye benchi karibu nami. "Mama, iko mia nne na kitu. Tangu jana umekula nini?" Nikamweleza, nikihesabia vidole, ngumi ya ugali, lengalenga, ndagala. Na kunywa? Maji, nikasema. Na seromu.

"Seromu gani, mama?"

"Ile ya kolera."

"Ile ya sukari?"

"Haiko sukari, ni dawa," nikamwambia, na nikasikia kwamba sauti iliyotoka kinywani mwangu ilikuwa ya yaya.

Hakunicheka, namshukuru. Akanieleza taratibu kwamba yale maji ni mazuri kwa mwenye kolera na kwamba kwangu mimi kila kikombe kilikuwa kama kuongeza kuni, na kwamba kuhara kwangu kulitokana na vidonge, ambavyo vina namna yake ya kumezwa pamoja na chakula ili tumbo litulie. Wangeondoka kesho yake. Kushusha mia nne kwa siku moja haiwezekani bila hatari. Akaibandua sparadra mwenyewe, polepole, lakini ilichukua nyusi kidogo. Mama wa milimani aliitwa badala yangu.

Nilitoka nje. Nilikuwa na maneno mdomoni, na mimi nikikasirika nina mdomo, mtaa mzima unajua. Miezi yangu ya nusu ugali, bidoni langu tupu, mubirizi, muuguzi kuniita mwongo, vyote vilikuwa vimemwagwa kikombe baada ya kikombe, na aliyevimwaga alikuwa amekaa pale nje kwenye kivuli cha ukuta, na kapu la chakula, na chupa ya seromu imefungwa kwa kitambaa safi kwa ajili yangu nikitoka kwenye kisu. Aliniona nina macho mawili wazi, bila bandeji.

"Haba! Hawakukufungua?"

"Sukari ilipanda."

"Imepandaje, na minye ndiye nakuchungaka?"

Nilimtazama. Kwa macho yangu yale alikuwa kitenge cha kijani na doa jeusi la uso. Nikaona pia chupa, kwa sababu jua lilikuwa linaipiga. Nikikueleza kwamba nilimhurumia tu nitakuwa nadanganya. Nilikuwa na hasira mpaka meno yanauma. Lakini nilijua neno hilo la seromu likishatoka, litakwenda kukaa wapi. Tayari kuna mtoto mmoja aliyemnyima maji.

"Ni ndizi," nikasema. "Nilikula ndizi za kuiva kwa mama wa ndege."

Mungu wangu, alinigombeza. Alianza pale hospitalini mbele ya wagonjwa, akaendelea barabarani, akamalizia nyumbani, na hakumaliza. Kwamba mimi ni mlafi tangu utotoni. Kwamba amejinyima usingizi kwa ajili ya mtu asiyejipenda. Kwamba nitakufa kipofu na ndizi mdomoni. Mimi, ambaye sijameza ndizi tangu mwaka uliopita, nikainamisha kichwa na kupokea. Kesho yake alikwenda kwa mama wa ndege kumwomba kwa heshima asinipe tena ndizi, na yule mama wa watu, ambaye hajui chochote, alikubali tu kwa mshangao. Haikupita siku nyingi wauza ndizi wote wa Mulongwe wakawa wananiona natokea na bidoni langu, wanafunika mabeseni yao. Mmoja aliniambia, "Samahani, fundi, yaya yako amekataza." Nilikuwa nameza hasira kuliko nilivyokuwa nameza vidonge.

Seromu aliendelea kuleta. Nilikuwa nasema weka hapo, nitakunywa, akigeuka naimwaga chini ya mpapai nyuma ya nyumba. Vidonge nikaanza kuvimeza katikati ya chakula kama yule kijana alivyosema, tumbo likatulia. Kiu ikapungua. Nilianza kulala bila kwenda chooni. Hata moshi wa machoni ulipungua kidogo, ingawa uzi bado ulinishinda.

Siku ya kurudi kwa muuguzi, yaya akasema tunaenda wote, lazima amweleze juu ya ndizi. Sikuweza kumzuia. Aliketi kulia kwangu, amevaa kikwembe chake cha kanisani, amejiandaa kunishitaki. Muuguzi akanipima, akapima tena kwa kutoamini. Mia moja na sabini. Akafurahi kweli, akapiga meza kwa kiganja. "Mama, umefanya nini mpaka ikashuka hivi?"

Yaya akajibu kabla yangu. "Ni minye. Nimemkataza ndizi mtaa muzima. Na seromu namunyweshaka kila siku, asubuhi, muchana na jioni, haachi hata siku moja."

"Seromu gani?" akauliza muuguzi.

"Ya chumvi na sukari. Nakorogaka mwenyewe."

Nilijaribu kumwonyesha muuguzi kwa uso anyamaze. Lakini alikuwa ameshaanza kwa ile sauti yake ya katekisimu, hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anafundisha tu. "Hapana, mama, hapana. Hiyo ndiyo mbaya kuliko ndizi. Mwenye ugonjwa wa sukari ukimpa hiyo kila siku, sukari haitashuka hata afunge kula. Kama ndiyo alikuwa anakunywa siku zile zote, basi..." Hapo akanitazama.

Yaya alikuwa upande wa jicho langu baya zaidi. Niligeuka, nikakaza macho, na sikuweza kuuona uso wake.

Tulitoka. Barabara imejaa mashimo tangu mafuriko ya mwisho, na yeye ndiye huniongoza. Alinishika mkono kama kawaida.

"Zile ndizi," akasema.

"Hakukuwa na ndizi, yaya."

Tukaenda. "Kuna shimo," akaniambia, nikaliruka. Tulipofika karibu na daraja akasema, "Kwa nini haukuniambia?"

"Ningekuambia namna gani?"

"Na mudomo. Kama unavyoniambiaka mengine yote."

Pikipiki zikapita, akanivuta pembeni, akanikung'uta vumbi begani. Hakuwa analia, sauti yake ilikuwa ileile ya kuuliza bei ya ndagala. "Mutoto nilimunyima maji," akasema. "Weye nikakupa. Sasa minye nifanye nini na maji?"

Nilimbana mkono, basi. Mimi, mwenye mdomo.

Nyumbani alitoa vipakiti vyote kwenye kopo, akabaki na viwili, vingine akavipeleka kwa majirani wenye watoto wadogo. Siku kadhaa alipika bila kuongea, akachora mstari wake kwenye ugali, akanitungia uzi. Sukari yangu sasa inacheza chini ya mia mbili, wiki baada ya wiki, nzuri kabisa, na madaktari wa macho hawaji, kwa sababu barabara ya Bukavu safari hii haipitiki na hakuna anayejua itafunguka lini. Nilipokuwa na madaktari sikuwa na sukari nzuri, sasa nina sukari nzuri sina madaktari. Siku nyingine nakaa mbele ya masini nataka kuipiga teke. Kikwembe cha ndege nimekiomba kwa mwenyewe, kimekunjwa kwenye kapu, kinasubiri kufumuliwa.

Juzi asubuhi yaya alikuja barazani na kikombe. Ni mara ya kwanza tangu siku ile. Nilisimamisha miguu kwenye pedali.

"Onja kwanza," akasema.

Nikaonja. Yalikuwa maji matupu, yaliyochemshwa, yana harufu kidogo ya kuni.

"Haina kitu?" akauliza.

"Haina kitu, yaya."

Hakuondoka. Alisimama karibu sana nami, mikono ameifunga kwenye kikwembe, ananitazama koo. Nikanywa taratibu mpaka tone la mwisho, nikamrudishia kikombe, nami tangu mwanzo sikuwa na kiu.